Kabla hujampelekea fundi: kibodi, mausi, skrini, printa na flashi zikigoma, anzia hapa

Wakuu, maswali ya vifaa vya kompyuta ni yaleyale kila siku. Mtu anakuja na mashine kwapani anasema "hii imekufa", ukiiwasha unakuta kilichokufa ni waya, au hakuna kilichokufa kabisa, kuna mtoto kabonyeza kitufe. Nimekusanya zile shida zinazorudi sana nikazipanga kwa dalili, maana mwenye shida anajua anachokiona tu, hajui kama ni draiva (programu inayowezesha Windows kuongea na kifaa) au ni bodi (ubao mkuu wa ndani ya mashine). Kila dalili inaanza na sababu iliyozoeleka halafu inashuka kwenye zile za nadra, kwa hiyo usiruke za juu eti za kitoto, hizo za kitoto ndo zinamaliza kesi nyingi.

Mambo matatu ushike kabla ya kugusa chochote.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati. Ukibadili waya, poti na draiva kwa mpigo halafu ikapona, hujui kilichoponya ni nini na kesho ikirudi unaanza moja.

Kifaa kinachosumbua kipeleke kwenye kompyuta nyingine, na kifaa kizima cha jirani kilete kwenye kompyuta yako. Kama mausi yako inagoma hata kule, mausi ni mbovu. Kama mausi ya jirani nayo inagoma kwako, shida iko kwenye mashine. Dakika mbili tu, na imeokoa watu wengi hela ya kununua vitu ambavyo havikuwa na shida. Kwenye desktop jaribu poti za nyuma, zile za mbele zimeungwa kwa waya mwembamba ndani na ndo zinachoka mapema.

La tatu: kama ndani kuna picha, ripoti au thesis ambayo huna kopi yake sehemu nyingine, kwanza toa data, halafu ndo utengeneze kifaa. Nitalirudia hili huko chini kwenye flashi na hadi diski maana hapo ndo watu wanalia.

Kibodi inaandika vitu tofauti na ulivyobonyeza

Hii asilimia kubwa siyo ubovu. Umebonyeza Shift na 2 unataka @, inatoka alama ya nukuu, na ukibonyeza ya nukuu inatoka @. Maana yake Windows imewekwa kwa mpangilio wa Uingereza wakati kibodi yako imechapwa ya Marekani, au kinyume chake. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na spesi, utaona orodha ya lugha inachomoza, chagua ile nyingine ujaribu tena. Ukishajua ipi ni sahihi ingia kwenye mipangilio ya lugha ufute isiyotakiwa, la sivyo itakuwa inarukaruka yenyewe kila ukigusa vitufe hivyo viwili bahati mbaya. Wenye kompyuta za mtumba kutoka Ulaya mnaijua zaidi hii: ya Ujerumani inabadilishana Y na Z, ya Ufaransa inaanza na AZERTY badala ya QWERTY.

Inayofuata ni laptop ndogo kuandika namba badala ya herufi. Unabonyeza J inatoka 1, K inatoka 2, U inatoka 4, M inatoka 0. Hiyo ni Num Lock imewaka. Bonyeza Num Lock, na kwenye laptop nyingi inabidi ushike Fn pamoja nayo. Watu wanakwama hapa kwenye paswedi asubuhi nzima kwa sababu pale herufi hazionekani, zinatoka nukta tu, na yeye anaapa paswedi ni ileile. Bonyeza kale kajicho pembeni ya kisanduku cha paswedi uone unaandika nini kweli, halafu uangalie na lugha iliyoandikwa kona ya chini kulia.

Kibodi haiandiki, au inaandika kwa kuchelewa sana

Kama ukigusa haiandiki lakini ukishikilia kitufe sekunde kadhaa inatoa herufi moja, hiyo ni Filter Keys. Inawashwa kwa kushikilia Shift ya kulia sekunde 8, ndo maana mtu aliyeegemea kibodi au aliyeweka kitabu juu yake anaamka na "kibodi mbovu". Shikilia tena Shift ya kulia sekunde 8 izime, au ingia kwenye mipangilio ya Accessibility uizime moja kwa moja. Nimeshaona watu wamebadilishiwa kibodi ya laptop nzima kwa ajili ya hili.

Kama haiandiki kabisa, fuata hivi:

1. Chomoa, chomeka poti nyingine. Ya waya wa duara, ile ya zambarau, zima kompyuta kwanza ndo uchomeke, hiyo haikutengenezwa kuchomekwa mashine ikiwa imewaka.
2. Isiyo na waya: badilisha betri hata kama "niliweka juzi", na angalia swichi ndogo ya kuwasha chini yake.
3. Restati, na inapowaka ingia BIOS, ile menyu ya mashine yenyewe kabla Windows haijaanza (F2, F10, Esc au Del, inategemea kampuni). Kama mishale inafanya kazi mle ndani, kibodi ni nzima, tatizo ni Windows au draiva: nenda Device Manager, bofya kulia kwenye kibodi, futa, restati, Windows itaiweka upya yenyewe. Kama hata BIOS haisikii, ni kibodi au waya wake wa ndani.
4. Wakati unasubiri, Windows, Ctrl na O kwa pamoja inaleta kibodi ya kwenye skrini, ila kama kibodi yote imekufa itafute kwa mausi kwenye Accessibility. Au azima kibodi ya USB, laptop nayo inapokea.

Vikifa vitufe vya mstari mmoja tu, au vya eneo moja, hapo kuna maji yaliingia au njia za ndani zimekatika. Kwa laptop hiyo ni kubadili kibodi. Kwa kibodi ya nje nunua nyingine tu, usihangaike.

Na sasa chai. Imemwagika juu ya laptop: shikilia kitufe cha pawa mpaka izime, usisubiri "kusevu kwanza", chomoa chaji, toa betri kama inatoka, igeuze kifudifudi ukiwa umeifungua kama hema ili maji yatokee ilikoingilia. Usiiwashe kuangalia kama imepona. Usiiweke kwenye mchele, mchele hauwezi kuvuta maji yaliyokaa chini ya bodi, utakuachia vumbi tu. Usipulize na drayer ya saluni ya moto. Chai ya maziwa na sukari au soda ni mbaya kuliko maji, kwa sababu ikikauka inaacha gundi na chumvi zinazokula bodi taratibu, kwa hiyo ile ya "mbona ilikauka na ikawaka, wiki mbili baadaye ikafa" inatoka hapo. Hapa ni kwa fundi siku hiyohiyo, afungue, aioshe na spiriti ya isopropyl isiyo na maji mengi. Fundi akikuambia "iache ikauke tu jua kali" tafuta mwingine.

Mausi inaruka, inakwama, au inabofya mara mbili

Geuza mausi uangalie kitundu cha mwanga. Unywele mmoja unatosha kuifanya iruke. Kisha angalia unaisugulia juu ya nini: kioo cha meza na meza zinazong'aa sana zinaichanganya, weka karatasi nyeupe chini ujaribu.

Ya waya isiyo na shida hizo, kunja waya taratibu karibu na pale unapoingilia kwenye mausi, ikizima na kuwaka umepata jibu.

Isiyo na waya ina ugonjwa wake ambao wengi hawaujui: kale kakifaa ka kupokelea kakichomekwa ubavuni mwa poti ya USB 3, zile za buluu, halafu hapohapo una hadi diski ya nje inakopi, mausi inaanza kusuasua. USB 3 inatoa kelele za redio kwenye masafa yaleyale ya 2.4 GHz ambayo mausi inatumia. Hamishia upande wa pili wa laptop au tumia kawaya kafupi ka kurefusha, inaisha.

Ukibofya mara moja inafungua kama umebofya mara mbili, au ukiwa unavuta faili linadondoka njiani, swichi ya ndani imechoka. Inabadilishika lakini mausi ya kawaida haistahili ufundi huo.

Tachipadi ya laptop ikigoma, mara nyingi imezimwa kwa Fn na kimojawapo cha vitufe vya F, tafuta chenye picha ya tachipadi. Lakini tafadhali sikia hili: kama tachipadi imeanza kuwa ngumu kubonyeza, inabofya yenyewe, au ukiitazama laptop kwa ubavu unaona imeinuka katikati na kava haifungi vizuri, acha kila kitu. Betri imevimba, na kwenye laptop nyingi inakaa hapo chini ya tachipadi. Zima, usichaji tena, usiibonyeze irudi, usiitoboe "itoe hewa". Betri ya lithiamu ikitobolewa inashika moto. Peleka ikatolewe na mtu anayejua.

Skrini nyeusi

Kwanza jiulize, kompyuta yenyewe imewaka? Sikiliza feni, angalia taa, bonyeza Caps Lock uone kama kataa kake kanawaka na kuzima. Kama Caps Lock inaitika, mashine inafanya kazi na shida ni ya kuonyesha tu.

Monita imeandika "No signal": waya umelegea, au monita iko kwenye ingizo lingine, yani umechomeka HDMI yenyewe inasubiri VGA. Bonyeza kitufe chake cha source ubadilishe. Desktop yenye kadi ya grafiki, waya unaingia kwenye kadi yenyewe, siyo kwenye poti ya bodi huko juu, hili linawakuta sana waliohamisha ofisi wakaunganisha wenyewe. Laptop uliyokuwa umeiunga na projekta jana ikaamka nyeusi leo: bonyeza Windows na P, shuka mshale mara moja, Enter, rudia mpaka picha irudi. Ingine ni Windows, Ctrl, Shift na B kwa pamoja, inarestati draiva ya picha, utasikia mlio mdogo.

Picha ipo ila rangi ni za ajabu, kila kitu njano au kila kitu pinki: hiyo ni ya waya wa VGA. Kila rangi ina pini yake, ikikosekana buluu unaona njano, ikikosekana kijani unaona pinki ya zambarau, ikikosekana nyekundu kila kitu kinakuwa kijani-buluu. Chomoa uangalie kama kuna pini imelala, inyooshe taratibu na kibanio. Pini ziko 15 lakini waya nyingi zinakuja na 14, ile ya 9 haipo tangu kiwandani, usije ukadhani imekatika.

Desktop inawaka, feni inazunguka kwa nguvu, skrini nyeusi, na labda inapiga bip bip: hapa mimi naanza na RAM, vile vibao vyembamba vya memori vilivyochomekwa kwenye bodi, kabla ya kitu kingine chochote. Vumbi na unyevu vinafanya yale meno ya dhahabu yashike kutu nyepesi. Zima, chomoa waya wa umeme kabisa, bonyeza kitufe cha pawa mara moja umalizie chaji iliyobaki, gusa chuma cha kava kutoa umeme wa mwilini, fungua vishikio vya pembeni uitoe RAM. Chukua raba ya penseli nyeupe safi, sugua meno upande mmoja mpaka yang'ae, geuza sugua upande wa pili, futa vumbi la raba mbali na bodi lisiangukie kwenye tundu. Rudisha uikandamize mpaka vishikio vijifunge vyenyewe kwa mlio wa "tak" pande zote mbili. Kama zipo mbili jaribu moja moja. Mashine nyingi za maofisini zinaamka hapa.

Laptop ambayo picha inakuja na kupotea ukisogeza kifuniko ni waya wa skrini unaopita kwenye bawaba. Laptop ambayo ukimulika tochi ya simu kwa karibu unaona picha hafifu sana, taa ya nyuma ya skrini imekufa. Zote mbili ni za fundi.

Usifungue kisanduku cha umeme cha desktop wala ndani ya monita hata kama umechomoa. Mle kuna kapasita zinabaki na umeme wa kukurusha muda baada ya kuchomoa.

Printa imeandikwa "offline" na umeiwasha

Ukitaka kujua hasira za mtu simama steshenari siku ya mwisho ya kuwasilisha kitu.

Kwanza zima printa, chomoa waya wa USB, washa, chomeka tena. Kama bado, fungua orodha ya printa uangalie kama kuna mbili za jina moja, moja imeandikwa "Copy 1". Hii inatokea ukihamisha waya kwenda poti nyingine: Windows inadhani ni printa mpya, na kazi zako zinaendelea kwenda kwa ile ya zamani ambayo haipo. Ifanye mpya kuwa ya msingi, ya zamani ifute. Angalia pia kwenye menyu yake kama "Use Printer Offline" ina tiki, toa.

Ya Wi-Fi: umebadilisha ruta au paswedi? Printa bado inatafuta ile ya zamani, ingia kwenye menyu yake uiunge upya. Na kama laptop yako iko kwenye hotspoti ya simu wakati printa iko kwenye Wi-Fi ya ofisi, haziwezi kuonana.

Kama kazi imekwama kwenye foleni na haifutiki, imeandika "Deleting" tangu asubuhi, fungua Command Prompt kama administreta uandike mistari hii mmoja mmoja:

net stop spooler
del /Q %systemroot%\System32\spool\PRINTERS\*.*
net start spooler

Hiyo inasafisha foleni nzima. Tuma kazi upya.

Printa inatoa karatasi chafu, hafifu au inazikwamisha

Za tona (unga):

Maandishi hafifu, tona inaisha; itoe uitikise kulia kushoto mara kadhaa, unapata karatasi kadhaa za ziada. Mstari mweusi wima kutoka juu mpaka chini, dramu (silinda ya ndani inayobandika unga kwenye karatasi) imekwaruzika au kisu chake cha kufutia unga kimechoka, na katriji iliyojazwa mara nyingi ndo inaishia hapo. Doa lilelile linajirudia kwa umbali sawa, chukua rula upime kati ya doa na doa: kwenye printa nyingi ndogo ikiwa kama sm 7.5 ni dramu, maana huo ndo mzunguko wake. Unga ukifutika kwa kidole baada ya kutoka, fyuza, ile sehemu ya moto inayogandisha unga kwenye karatasi, haipashi. Fyuza inafika joto la karibu nyuzi 200, kwa hiyo karatasi ikikwama huko nyuma zima na subiri dakika 30 kabla ya kuingiza mkono. Ukimwagikiwa unga, futa kwa kitambaa kikavu halafu maji ya baridi, ya moto yanaugandisha kwenye nguo.

Za wino: mistari meupe katikati ya picha ni tundu za kichwa zimeziba, hasa printa iliyokaa likizo nzima bila kazi. Printi nozzle check (karatasi ya kupima tundu, iko kwenye menyu ya printa), fanya kusafisha mara moja, printi tena. Usipige kusafisha mara kumi mfululizo, kila mara inamwaga wino kwenye sponji ya ndani; ikishindikana mara mbili tatu iache usiku mzima halafu asubuhi ujaribu. Ile sponji nayo ina mwisho wake, siku moja printa inagoma kabisa ikisema pedi ya wino imejaa. Kuna programu za kurudisha hesabu sifuri, nyingi za kwenye mtandao zinakuja na virusi, na hata ukifanikiwa bila kubadili sponji, siku si nyingi wino unachuruzika mezani.

Karatasi kukwama: kwa tunaoishi Dar, Tanga, Zanzibar au Mombasa, anza na unyevu. Rimu iliyofunguliwa ikaachwa wazi inanyonya unyevu, karatasi zinashikana zinaingia tatu tatu. Funga rimu kwenye mfuko wake, pepeta karatasi kabla ya kuweka. Halafu futa roli ya kuvutia kwa kitambaa chenye maji kidogo, ikiwa inang'aa kama plastiki imekwisha, ibadilishwe. Karatasi iliyokwama ivute polepole kuelekea inakotokea kawaida, na uihesabu vipande, kipande kimoja kilichobaki ndani kinaleta kesi upya.

Hamna sauti

Bofya alama ya spika uone sauti inakwenda wapi. Ukiwa umeunga TV kwa HDMI, Windows inaipeleka huko. Desktop, spika ni tundu la kijani, maiki la pinki. Maiki haisikiki kwenye mkutano tu, angalia ruhusa za faragha na kale kakitufe ka kuzima maiki kwenye kibodi. Kamera nyeusi, hebu angalia kama kuna kakifuniko ka kuteleza mbele yake.

Flashi au hadi diski ya nje haionekani

Umeme mdogo ndo sababu ya kwanza kwa hadi diski. Poti ya USB 2 inatoa miliampia 500, ya USB 3 inatoa 900, na ukipitishia kwenye habu ya bei rahisi au waya mrefu haifiki yote. Chomeka moja kwa moja, kwa waya mfupi, poti ya nyuma. Badili na waya.

Imewaka taa lakini haipo kwenye This PC: bofya kulia kwenye Start, ingia Disk Management. Kama ipo pale ila haina herufi, bofya kulia uipe herufi, imeisha hiyo. Ikiwa imeandikwa RAW au Unallocated, yani Windows haisomi mpangilio wa mafaili yake, soma sehemu inayofuata kwanza. Ikiwa haipo hata hapo na kompyuta ya pili nayo haiioni, flashi imekufa ndani.

Zile hadi diski kubwa zenye adapta yake: nyingi ni volti 12, na chaji za laptop nyingi ni 19, na pini mara nyingine inaingia. Soma kibandiko kabla ya kuchomeka. Iliyoungua hivi wakati mwingine data iko salama, iliyokufa ni bodi tu, kwa hiyo usiitupe.

Inasema inabidi uiformati kwanza

Usibofye. Funga hilo dirisha. Jedwali la mafaili limeharibika, mara nyingi kwa kuchomoa flashi ikiwa bado inaandika, na mafaili yenyewe mengi bado yamo. Tumia TestDisk au PhotoRec, programu za kuokoa mafaili, za bure zote, na unachookoa kihifadhi kwenye diski nyingine, ukihifadhi kwenye ileile unafunika unachotafuta. Usikimbilie chkdsk, ile amri ya Windows ya kurekebisha diski, kabla ya kutoa data, ile inatengeneza jedwali hata kwa gharama ya mafaili yako. Ukishatoa kila kitu ndo uformati.

Mafaili yamegeuka shotikati

Virusi, na mafaili hayajaenda popote, yamefichwa. Usizibofye. Piga skani kwa antivirusi, halafu fungua Command Prompt, na kama flashi ni E andika:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Yatarudi. Futa zile shotikati na faili lolote la ajabu lenye .vbs. Na mashine iliyokuambukiza, ile ya steshenari au maabara, bado inayo, kesho itakupa tena.

Faili halikopi, au linakopi halafu halifunguki

Faili zaidi ya GB 4 haliingii kwenye flashi iliyoformatiwa FAT32 (mpangilio wa zamani wa kupanga mafaili) hata kama nafasi ipo. Toa vitu, formati kwa mpangilio wa exFAT. "Write protected" kwenye memori kadi, angalia kale kaswichi pembeni ya adapta. Flashi ikijifunga yenyewe isiandikike, inakufa, kopi vilivyomo haraka ununue nyingine. Flashi ya GB 64 kuonyesha 59 na hadi diski ya TB 1 kuonyesha 931 ni kawaida, kiwanda kinahesabu kwa elfu na Windows inahesabu kwa 1024.

Isiyo ya kawaida ni flashi ya "TB 2" uliyouziwa barabarani kwa bei ya chakula cha mchana. Chipu yake imedanganywa iseme TB 2 wakati ndani kuna GB chache. Picha za mwanzo zinafunguka vizuri, zinazofuata zinaandikwa juu ya nyingine, jina la faili lipo na ukubwa upo lakini ukifungua hamna kitu. Ipime ikiwa tupu kwa H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Linux na Mac, inajaza flashi yote halafu inasoma tena ilichoandika. Inachukua masaa, lakini ifanye siku unayonunua, muuzaji akiwa bado anakukumbuka.

Hadi diski inagonga, inakwaruza, au kompyuta imekuwa nzito ghafla

Sikio kwanza. Ikitoa mlio wa tik, tik, tik unaojirudia, au kukwaruza, zima sasa hivi, chomoa. Vichwa vya kusomea vinaelea juu ya sahani kwa nafasi ndogo kuliko chembe ya vumbi, vikigusa kila sekunde inayozunguka inafuta data moja kwa moja. Usiipige, usiiweke kwenye friza, usiendeshe programu yoyote ya kuokoa.

Kama haina mlio ila inakwama kila ukifungua folda, pakua CrystalDiskInfo, programu ya kupima afya ya diski, uangalie mistari ya 05, C5 na C6. Ikiandika Caution, diski ina sekta mbovu, yani sehemu zisizosomeka vizuri: kopi vitu muhimu kwanza, kidogo kidogo, thesis kabla ya muvi. Ikikataa kukopi, fundi anayejua ddrescue, programu ya kunakili diski inayokufa, ananakili diski yote kwenye nyingine isiyo na ubovu kisha anafanya kazi kwenye nakala.

SSD, zile diski za chipu zisizo na kitu kinachozunguka, haina mlio, siku inakufa inaweza isionyeshe dalili yoyote, na ulichofuta kwenye SSD mara nyingi hakirudi kwa sababu TRIM, amri ya kusafisha nafasi zilizofutwa, inakifuta kweli muda mfupi tu baadaye. Programu za kuokoa unazozijua kwa hadi diski zisikupe matumaini makubwa hapo.

Ukifikia kumpelekea mtu wa kuokoa data, mwambie ukweli wote, kama ilidondoka sema ilidondoka, na kama umeshajaribu programu fulani mtajie. Muulize bei ya kupima na bei ya kuokoa mbalimbali, na kama asipopata kitu unalipa ngapi. Na ukiona anachukua bisibisi kufungua hadi diski yenyewe palepale kwenye meza ya kaunta, feni ikipuliza na vumbi la barabarani likiingia, mwambie asifungue, chukua diski yako uondoke nayo.